Makro ya Kuazima

Kitufe kilichozoea kuchora jedwali zima la milango kwa mbofyo mmoja huacha kazi bila barua. Mchoraji hukibofya tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kimepata uziwi, kisha huita fundi wa kompyuta, naye fundi huizima mashine na kuiwasha. Hukumu hufuata papo hapo: makro, yaani mfululizo wa amri ulio nyuma ya kitufe, imezeeka. Lakini umri hauna hatia hapa. AutoLISP, lugha ya kuandikia makro, imo ndani ya programu ya kuchorea AutoCAD tangu 1986, na faili zake nyingi za enzi hizo hufanya kazi hadi leo bila hata kukohoa. VBA, lugha nyingine ya makro iliyokuja na toleo la R14 mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiyo kijana, na kijana ndiye aliyetolewa nje ilipofika AutoCAD 2010. AutoLISP ni mtoto wa nyumbani. VBA ni mali ya Microsoft, ambayo mwaka 2007 iliacha kuwauzia wateja wapya leseni yake. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tangu hapo, anayezitaka makro zake za VBA hupakua kiongezi cha pembeni. Ni bure, ila kila toleo lina chake: cha 2012 hakiingii kwenye 2013. Kwenye mashine za biti 64 VBA ilikaa nje ya programu, ikipiga hodi kwa kila amri, hadi ilipokaribishwa ndani katika toleo la 2014. Hata hapo, makro za kale zinazoiita Windows moja kwa moja hugoma mpaka zitamkiwe neno PtrSafe, kama mlango wa pango la Alibaba.

Wapo wanaosema ni heri VBA ilitolewa, kwa kuwa makro hubeba virusi. Kweli, Melissa ya 1999 ilipitia Word. Lakini Medre, iliyogunduliwa 2012 ikiiba michoro, hasa Peru, iliandikwa kwa AutoLISP, na hakuna aliyemfukuza mtoto wa nyumbani. Wengine hushauri makro iandikwe upya. Huo ni ushauri wa asiyewahi kuifungua: ndani mna x, x1 na xmpya, na kanuni za ofisi zisizoandikwa popote pengine. Ndiyo maana chini ya meza fulani utakuta kompyuta kuukuu yenye AutoCAD 2009, imebandikwa karatasi: USIZIME. Karatasi hiyo inamhusu yule fundi.