Ofisi za Sebuleni

Kaka yangu mkubwa alipowatoa watoto wake shuleni, Mama alidhani karo imemshinda. Akauza mbuzi, akatuma pesa. Pesa zikarudishwa pamoja na ujumbe mrefu wenye Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ile ya mzazi kufundisha wanawe nyumbani na njiani. Mama akapanda matatu kuja Kitengela kujionea. Mimi nilikuwepo tayari: nilikaribishwa wakati natafuta kazi, na nilikuwa nimekaa kiasi cha kuwa na kiti changu mezani.

"Chifu akija je?" Mama aliuliza kabla hajavua viatu. Ni mwalimu mstaafu, anajua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anakwenda shule. Kaka akamjibu kwamba nyumba hii ndiyo shule. Mama akaitazama sebule, akamtazama kitinda mimba aliyekuwa chini ya meza na sufuria kichwani, akaomba chai.

Kusomesha nyumbani, kaka na mkewe walikwisha kukubaliana. Ugomvi ulikuwa wa mtindo. Kaka alitaka mtaala wa ACE, shemeji alitaka njia ya Charlotte Mason, na mzee mmoja wa kanisa aliyewahi kusoma ng'ambo akawaazima kitabu cha elimu ya kale, yenye Kilatini. Kila upande ulisema njia yake ndiyo ya Kikristo, na kila upande ulishika ile ile Kumbukumbu la Torati 6. Nami nikashangaa: aya ikishaunga mkono pande zote tatu, itaamua vipi?

Kaka alitangulia, maana ndiye mwenye pochi. ACE ilianzia Texas mwaka 1970. Kila somo limegawanywa katika vijitabu 12 vya mwaka mzima. Mtoto anasoma peke yake, anajisahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye meza ya majibu, na asipofikisha asilimia 80 kwenye mtihani anarudia kijitabu. Anakaa mbele ya meza iliyozungushiwa mbao, nayo huitwa ofisi. Akiwa na swali hapayuki. Anachomeka bendera ndogo juu ya ofisi na kungoja ahudumiwe. Kaka akamwita seremala.

Ofisi zikameza sebule. Runinga ikahamia chumbani kwangu, jambo ambalo sikulalamikia. Kifungua mimba, msichana anayependa kuachwa na shughuli zake, alinawiri humo. Alimaliza vijitabu vya hesabu kama anayekimbizwa, ingawa kwa vile toleo letu lilikuwa la Kimarekani, alijua kuchenji dola kabla ya kuweza kutumwa dukani na noti ya mia mbili. Mvulana wa kati yeye aligundua mambo mawili. La kwanza, meza ya majibu haina askari. Akawa anapata mia kwa mia kila siku, mpaka siku ya mtihani. La pili, bendera ina nguvu kuliko maneno. Aliipandisha akitaka maji. Jioni aliichomeka kwenye ugali, kimya, akingoja kuongezewa sukuma. Mchungaji alipotutembelea na sala ikarefuka, bendera ya msalaba mwekundu ilipanda polepole nyuma ya kochi. Mchungaji akafumbua jicho moja, akaiona, akadhani anatiwa moyo. Akaongeza.

Baada ya mtihani ule shemeji alichukua usukani. Charlotte Mason alikuwa mwalimu wa Uingereza, Mwanglikana, aliyefariki 1923. Alitaka masomo mafupi, vitabu vyenye uhai badala ya muhtasari mkavu, na saa nyingi nje na daftari la kuchora mimea na ndege. Mama aliposikia kwamba bibi huyo hakuolewa wala hakuzaa, akaweka kikombe chini.

"Ndiye atakayetufundisha kulea?"

"Na Mtume Paulo, Mama, alikuwa na watoto wangapi?"

Nilimpenda shemeji siku ile. Watoto nao wakatoka nje, wakachora korongo wa jalalani akivuta mfuko wa plastiki, na mbwa wa jirani katika hali ambazo daftari lingeweza kukosa. Nguzo ya mtindo huu, hata hivyo, ni kusimulia: mtoto anasomewa kisa mara moja tu, kisha anakirudia kwa maneno yake. Naafiki kabisa kwamba hunoa masikio. Ya kitinda mimba yalinoleka kupita kiasi.

Jumapili moja, tumeketi sote mezani, akauliza kama anaweza kusimulia. Tukampigia makofi. Akasimulia mazungumzo ya baba na mama yake ya usiku uliopita, kwa mpangilio na kwa sauti za wote wawili: kwamba baba mdogo anakula kama mwenye mkataba, kwamba kazi haitafutwi mtu akiwa amelala, kwamba baba angemwambia, ila anamwogopa Nyanya. Shemeji alikuwa akichunguza mchuzi wake.

"Inatosha, mwanangu," kaka akasema.

"Bado sehemu ya Nyanya."

Kesho yake Kilatini kikaanza. Kitabu cha mzee wa kanisa kilimsifu Dorothy Sayers na hotuba aliyoitoa Oxford mwaka 1947: mtoto aanze kwa kukariri, na mwenyewe aliiita hatua ya kasuku, kisha umri wa ubishi upewe mantiki, mwisho ajifunze kusema vizuri. Kaka alipenda kasuku. Hakukumbuka kwamba kifungua mimba amekwisha kufika umri wa pili.

"Baba, ipi kati ya hizi tatu imo kwenye Biblia?"

"Zote zinatokana na Biblia."

"Basi mbona tunabadilisha?"

Waliokariri minyambuliko ya Kilatini hadi mwisho walikuwa wawili: kaka mwenyewe, na yaya, aliyekuwa akifua nguo dirishani.

Ndipo Mama alipouliza swali ambalo, kwa maoni yangu, lingeokoa mbao za seremala. "Saa nne asubuhi, nani anaketi na watoto hawa?" Kaka huwa kazini Eneo la Viwanda. Shemeji asubuhi yote yuko kwenye simu na wateja. Macho yakazunguka meza, yakatua kwangu.

Sasa msichana ana ofisi yake na vijitabu vyake vya hesabu. Mvulana nasoma naye huku tunatembea, maana akikaa anaanza kutafuta bendera. Ngeli anazifundisha Mama, ambaye alikuja kwa siku chache. Nilipomuuliza kaka habari za mshahara, kitinda mimba akafungua kinywa asimulie, na shemeji akamziba kwa chapati.