Kuingizwa Mjini kwa Kiingereza

Kiingereza chenyewe sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na vile vineno vyake vidogo: "up", "off", "in", "out", "down". Ukikikuta kimoja kimekaa peke yake utakionea huruma, maana hakina hata herufi za kumtisha mtoto wa darasa la tatu. Ngoja kidandie kitenzi. Hapo kinageuka mpiga debe: si dereva, si kondakta, basi si lake, lakini yeye ndiye anayekuambia unakwenda wapi.

Kwenye kozi yetu ya jioni hapa Dar tumeshafika ngazi ya kati, na kitabu kina sura tatu zinazofuatana: udanganyifu, tabia za watu, na hivyo vitenzi vyenye mkia. Aliyekiandika alidhani ni mambo matatu. Mimi naona ni jambo moja lililotozwa ada mara tatu.

Anza na "take". Hata wa chekechea anajua ni kuchukua, na "in" ni ndani. Basi ukisikia jirani yako kawa "taken in", unamwona kabisa keshakaribishwa, kaketi, anasubiri chai. Kumbe kalizwa! Siku nyingine kweli kakaribishwa apate pa kulala, na maneno ni yale yale. Fundi cherehani akipunguza suruali kiunoni, naye anayatumia hayo hayo. Sisi mtu akitapeliwa tunasema kaingizwa mjini, angalau tunataja alikopelekwa. Mwingereza anakuingiza tu, hasemi wapi.

Tukaja "make up". Mwalimu aliandika ubaoni maana tatu: kutunga uongo, kujipodoa, na kupatana baada ya ugomvi. Dada mmoja muuza mitumba akazitazama, akasema hiyo ni ratiba ya wikiendi ya shemeji yake.

"Fall for" ndiyo iliyonimaliza. Kutapeliwa na kupenda, kitenzi kimoja! Mwalimu akataka mifano miwili ya kutofautisha. Mzee mstaafu wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono. "Mwanangu," akasema, "mimi mfano ninao mmoja tu, na unafaa kote kuwili."

Wala msiseme ni uvivu wetu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa London mwaka 1755, alikiri kwenye utangulizi kwamba kwenye hivi vitenzi vyenye mkia ndipo mgeni anapopata taabu kuliko kwingine kote. Mtu mwenye huruma angeufunga huo mchezo siku ile ile. Wao wakaendelea kuviongeza. Cambridge nao walipoanzisha mtihani wao wa umahiri wa Kiingereza mwaka 1913, walijitokeza watahiniwa watatu, wakafanyishwa mtihani wa saa 12, na hakufaulu hata mmoja. Sijui kama kuna jamaa zangu wa damu ninaowahurumia kuliko hao watatu.

Nikajipa moyo kwamba sura ya tabia itakuwa na ustaarabu, kwa sababu tabia ya mtu si kitu cha kufichwa nyuma ya kiambishi. Nikakuta "sensible" ni mwenye busara, "sensitive" ni mwepesi wa kuumia. Hebu fikiria barua ya posa imeandikwa kwa haraka. Kisha tukafundishwa kwamba "confidence" ni sifa njema, mwajiri anaipenda, tuwe nayo. Hawakutuambia kisa cha New York cha mwaka 1849. Kulikuwa na bwana mmoja, William Thompson, akivaa vizuri, akiwasogelea watu asiowajua na kuwauliza kama wana imani naye kiasi cha kumwachia saa zao mpaka kesho. Walikuwepo waliomwachia. Kesho ikafika, yeye hakufika. Alipokamatwa, magazeti yakambandika jina la mtu wa "confidence", na Waingereza na Wamarekani wakalifupisha wakapata "con", yaani utapeli. Sifa ya sura ya pili imezaa mwizi wa sura ya kwanza, na kitabu kimenyamaza kimya.

Wiki iliyopita tukapewa kazi ya nyumbani: jieleze kwa sifa tano, kama unavyoandika kwenye CV. Tukasomeana kwa zamu. Darasa zima ni wachapakazi. Darasa zima ni waaminifu, wepesi wa kujifunza, na wanaweza kufanya kazi bila kusimamiwa sana. Hata yule kijana anayeanza kukoroma mwalimu akishageukia ubao naye kaandika kwamba anahimili kazi zenye shinikizo, na kaisoma sentensi hiyo huku akipiga miayo. Mimi niliandika kwamba ninapenda kushirikiana na wenzangu, na jirani yangu wa dawati, ambaye hajawahi kuiona kamusi yangu kwa karibu, akanikazia macho mpaka nikakaa.

Ikafika zamu ya dada wa mitumba. Yeye hakusoma.

"Samahani mwalimu," akauliza, "ile sura ya udanganyifu tulishaimaliza, au hii ndiyo marudio?"

Mwalimu akafunika kitabu, akavua miwani, akaifuta. Akatukumbusha kwamba ada ya mwezi ujao ilipwe kabla ya Ijumaa.