Namna ya Kuanzisha Shoo ya Kilimo na Kuipitisha Miaka Mia

Kwanza kabisa, usingoje wakulima. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanataka mashamba yawepo, mazao yakomae, ghala zijae, ndipo waunde chama. Waliotutangulia walikuwa werevu zaidi. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa inafika Ziwa Victoria, Nairobi ilikuwa mabati na mahema kwenye kinamasi, na walowezi wa Kizungu walikuwa wachache hata kuwakusanya kwa chai ilikuwa kazi. Hao hao wakaunda Chama cha Kilimo na Bustani cha Afrika Mashariki. Mwaka 1902 wakafanya maonyesho yao ya kwanza. Walikuwa na nini hasa cha kuonyesha? Usiwe mbishi. Mwenyekiti akishapatikana, na mwandishi, na majaji wenye kofia nzuri, kabichi nayo haikosi kuja.

Kisha tafuta ardhi. Itafute penye wenyewe, kwa sababu ardhi isiyo na mwenyewe aghalabu ina sababu yake. Upande wa mifugo, anza na Wamaasai, watu wanaomjua ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake. Mwaka 1904 wawekee mkataba wa kutoka Bonde la Ufa waende Laikipia. Wakishaizoea Laikipia, mwaka 1911 waletee mkataba wa pili, wa kuwatoa Laikipia. Wafugaji hodari wakiwa mbali, sasa unaweza kuandaa mashindano ya ng'ombe bora na ukalala usingizi.

Utalala, ila ng'ombe wenyewe hawatakuwa na habari na mipango yako. Mlowezi Lord Delamere aliagiza kondoo wa ng'ambo akawapeleka Njoro, wakamfia. Akapanda ngano, ikashikwa na kutu. Mtu wa kawaida angerudi kwao. Lakini chama chetu, kumbuka, ni cha kilimo *na bustani*: mwaka wa kufiwa na mifugo, shindanisha maua.

Kwenye kahawa nenda taratibu. Ukimwona Mwafrika ana kipande chake cha mlima na mikono miwili mizima, mweleze kwamba kahawa ni mmea wa kitaalamu, haumfai. Katazo hilo lilianza kulegezwa miaka ya 1930, tena kwa kudokolewa, huku Meru, huku Kisii; mlango haukufunguka sawasawa mpaka baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, ule wa serikali ya kikoloni kuhusu kilimo cha Waafrika. Kabla ya hapo usimnyime nafasi kabisa kwenye shoo. Mpe kamba ashike, maana ng'ombe wa tuzo hajileti mwenyewe mbele ya majaji. Na ukipiga picha, riboni iwe kwa ng'ombe, kombe liwe kwa mwenye ng'ombe, na aliyemkamua alfajiri asogee kidogo kushoto, hivyo hivyo, kidogo tena, mpaka atoke kwenye picha.

Jina litabadilika, usibabaike. Kuna kipindi chama kilijiita cha Kifalme. Uhuru ulipoingia mwaka 1963, ufalme ukabanduliwa kwenye kibao, pakabaki Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho hakuna anayekiita hivyo. Sote twasema ASK. Uwanja wa Nairobi, Mitchell Park, uliokuwa na jina la gavana, ukawa Jamhuri Park. Rais akawa ndiye mlezi wa chama. Mpangilio wa uwanja wenyewe uache ulivyo: wakubwa kivulini, ng'ombe juani.

Matawi nayo yasambaze, Nakuru, Kitale, Kakamega, Meru, Nyeri, mpaka huku kwetu Mombasa, Mkomani. Kauli mbiu ya mwaka iwe ndefu, ndani yake mwingie "ubunifu", "teknolojia" na "biashara", ili anayeisoma akifika mwisho awe ameshasahau kwamba mvua haijanyesha. Siku ya ufunguzi mgeni wa heshima achelewe. Akija mapema watu watamshuku.

Sasa wewe wa kwenda tu. Usivae viatu vyeupe. Watoto wa shule wakishuka kwenye basi wamefungana mikono kama shanga, wapishe. Hao wanakwenda kumwona ng'ombe wa gredi kwa dakika nne na bembea kwa saa tatu, na mwalimu wao analijua hilo. Banda la Magereza usilipite. Utakuta sofa ambalo huna pesa yake, na pengine sukuma wiki yenye majani mapana kama sinia, na utatoka ukijiuliza ni kosa gani dogo litakalokufikisha kwenye shamba zuri namna ile. Ukisikia njaa, toka nje ya lango. Mihogo ya kuchoma iko pale, ya pilipili na ndimu, na aliyeilima hayuko kwenye orodha ya washindi.

Jambo moja tu: usiulize maswali kwenye vitalu vya mfano. Mimi niliwahi kusimama Mkomani mbele ya kitalu cha nyanya, mipira myeusi imelazwa chini sambamba, tone, tone, tone, nyanya zimeng'aa kama zimepakwa mafuta. Kando yangu mzee mmoja aliyetoka Ganze, kule Kilifi kwenye ukame, fimbo mkononi, akachutama akaugusa ule mpira kwa kidole.

"Mwanangu, tangi hili mwalijaza na nini?"

"Boza, mzee wangu. Laja saa kumi na moja alfajiri, kabla lango halijafunguliwa."

Mzee akaifikiria hiyo. Akahesabu nyanya za mche mmoja, midomo ikimcheza.

"Na hilo boza, Ganze lafika?"

Kijana akacheka, akatazama nyuma kama yuko mkubwa wake. Hakuwepo. Akainama chini ya meza, akatoa kipeperushi na kofia ya kampuni, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Mzee akashukuru, akaivaa ile kofia juu ya kofia yake, akauliza banda la nyoka liko upande gani.