Sifa za Honi ya Upepo

Hakuna kifaa kinachompa raia wa kawaida cheo kwa bei nafuu kama honi ya upepo iliyofungwa kwenye Land Cruiser kuukuu. Mkazi wa Ukonga, Dar es Salaam, anakijua vizuri cheo cha barabarani. Barabara ya Nyerere ndiyo njia ya uwanja wa ndege, na misafara ya wakubwa inapopita, daladala za Gongo la Mboto husubiri mpaka king'ora cha mwisho kipotee. Mwenye sauti ndiye mwenye njia. King'ora ni cha polisi, zimamoto na ambulensi, lakini honi ya upepo haina mwenyewe: kompresa ndogo ya volti 12, rilei, mpira wa hewa na tarumbeta mbili tatu, fundi umeme anamaliza kazi kabla ya adhuhuri. Aliyeamka raia analala mheshimiwa.

Wapinzani watasema gari hilo ni la porini, na Ukonga hakuna nyati wa kufukuzwa. Hao hawajapita Kivule wakati wa masika. Nyati hayupo, ni kweli, ila bodaboda wapo, nao wanafaa zaidi: nyati akisikia honi hutimka, bodaboda hugeuka kwanza akakutazama, na kutazamwa ndiko tulikokuwa tunakutafuta. Watasema pia kwamba honi haijawahi kusogeza foleni ya kituo cha Banana hata hatua moja. Ni vyeo vingapi vinavyosogeza kitu? Kazi ya cheo ni kuwajulisha watu kwamba mwenyewe yupo, na hiyo honi huifanya kikamilifu, hata kwa mtoto mchanga aliyekuwa amelala nyumba ya tatu kutoka barabarani.

Wenye hoja za afya wana hesabu zao. Kukaa saa 8 kwenye kelele ya desibeli 85 huhesabiwa kuwa hatari kwa masikio, na kila desibeli 10 zikiongezeka nguvu ya sauti huzidi mara 10. Kwa hiyo honi ya desibeli 115 ina nguvu mara 1,000 ya kelele hiyo. Lakini hasara ya sikio ni faida ya soko. Mmarekani Miller Reese Hutchison alibuni kifaa cha umeme cha kuwasaidia wasiosikia vizuri, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 akabuni honi ya Klaxon. Watani wakasema cha pili kilikuwa cha kukitafutia wateja cha kwanza. Na sheria je? Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zipo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zinawabana wenye baa kwa sababu baa haihami. Mpaka kipimo kitolewe mkobani, honi imeshafika Pugu.

Basi, msomaji mwenye gari, funga honi yako, ila wahi. Cheo hiki kina thamani maadamu jirani yako hana. Siku kila gari la Ukonga litakapokuwa nayo, sote tutakuwa waheshimiwa, hakuna atakayempisha mwenzake, na ambulensi yenye mgonjwa ndani itapanga foleni kama sisi.