Hongera, Mnyoosha Kidole

Tumpongeze mwenzetu wa ofisini. Bomba lilipopasuka, mafundi waliingia shimoni alfajiri, matope kiunoni. Yeye alifika saa nne, akavaa kofia ngumu, akanyoosha kidole kuelekea shimoni, akapigwa picha. Maji hayajarudi, picha ishatua kwenye kundi la WhatsApp: "Tunaendelea kuwajibika." Bosi akajibu kwa makofi matatu.

Wenye wivu wanasema ni jogoo anayetetea yai la mwenzake. Hawajui kazi hao. Bomba litazibwa na yeyote mwenye spana. Kidole kile, kwa pembe ile, ni kipaji. Waashi waliojenga kasri la Husuni Kubwa kule Kilwa walihangaika na mawe ya matumbawe katika karne ya 14, na jina tulilobaki nalo ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Uzembe wao wenyewe.

Na mtumishi wa umma Tanzania, tangu fomu za kupima utendaji, OPRAS, za mwaka 2004 hadi mfumo wa PEPMIS wa leo, hujaza mwenyewe aliyoyatekeleza. Matope hayana pa kujaziwa.

Kwa hiyo wewe uliyeajiriwa juzi, rudisha koleo stoo. Kanunue simu yenye kamera nzuri.