Jinsi ya Kununua Lesi ya Mkono Bila Kupigwa Changa la Macho

Bibi harusi mtarajiwa, kabla hujaingia dukani piga hesabu. Mjini Alençon, Ufaransa, bado wapo mafundi wanaotengeneza lesi kwa sindano na uzi tu. UNESCO iliingiza kazi yao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, na kasi yao inajulikana: sentimita moja ya mraba hula saa 7. Gauni lako pamoja na mkia wake linataka, tuseme, mita 4 za kitambaa chenye upana wa mita 1.3. Hizo ni sentimita za mraba 52,000, yaani saa 364,000. Fundi mmoja akishona saa 8 kila siku, bila Jumapili wala Idi, atakukabidhi mzigo baada ya miaka 124 na ushee. Sasa mtazame muuzaji wa Kariakoo au Eastleigh anayeshusha jora zima kutoka rafuni na kukuambia, "Dada, hii orijino, kazi ya mkono tupu." Mwitikie salamu, sifia duka lake, kisha bana pochi kwapani.

Jora ndilo shahidi wa kwanza. Lesi ya mkono huzaliwa vipande vipande: ua moja, jani moja, au ukanda mwembamba wa pindo. Vipande huja kuunganishwa baadaye, na anayejua kutazama huviona viungo vyake. Ukifunguliwa kitambaa chenye upana wa mita nzima, kinachoteremka mita baada ya mita bila kiungo, hiyo ni kazi ya mashine. Yamebaki maswali matatu tu ya kuuliza: mashine gani, uzi gani, bei gani.

Muuzaji akianza kuapa, usibishane naye. Toa simu, washa kamera na uvute picha karibu kadiri inavyokubali. Usihangaike na matundu; tazama mahali palipojaa, katikati ya petali. Lesi ya mkono inayosukwa juu ya mto, kwa nyuzi nyingi zilizozungushiwa vijiti, huonyesha nyuzi zinazopishana juu na chini sawasawa na kitambaa kilichofumwa. Ile ya sindano huonyesha mishono midogo ya tundu la kifungo, safu juu ya safu. Mashine ya Leavers, iliyobuniwa Nottingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, huacha mistari sambamba, yote ikielekea upande mmoja. Lesi nyingi za bei nafuu leo hutoka kwenye mashine za Raschel. Ukizikuza utaona minyororo ya vitanzi, kwa sababu zimefumwa kwa vitanzi kama sweta. Na ile gipure nzito inayopendwa sana kwenye harusi zetu haikuanza kama lesi. Mashine ilitarizi maua juu ya kitambaa kingine, kitambaa kile kikayeyushwa, maua yakabaki peke yake. Uzi wake una manyoya na unakwenda zigizaga.

Kisha tafuta kosa. Ukilipata, nenda kwenye ua linalofuata, mahali palepale. Fundi wa mkono hukosea hapa na pale. Mashine hurudia kosa lilelile kwa umbali uleule hadi mwisho wa jora. Ila usidanganyike kwamba kila kilicho nadhifu ni cha mashine. Fundi aliyekomaa ana mkono uliotulia kuliko unavyodhani.

Halafu geuza upande wa nyuma. Watu wa pwani wana jicho hili tayari: mzee wa Lamu au Unguja hanunui kofia ya mkono kabla hajaigeuza na kukagua vitobo kimoja kimoja. Kagua lesi yako vivyo hivyo. Huko nyuma ndiko utakakojua pia maana ya ile "kazi ya mkono" uliyoambiwa, maana huenda muuzaji hasemi uongo mtupu: shanga zimeshonwa kwa mkono, juu ya lesi ya mashine. Lipia shanga, usilipie lesi kwa bei ya Alençon. Ukiona zimeshikwa kwa mshono wa mnyororo, mwambie fundi cherehani wako azifunge mafundo kabla hajapitisha mkasi, la sivyo zitamwagika mstari mzima mbele ya mpiga video.

Jaribio la moto lipo pia, kwa ruhusa ya mwenye duka na nje ya duka. Chukua uzi uliochomoka, uwashe. Pamba na kitani huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu. Poliesta huyeyuka ikawa punje ngumu. Pamba peke yake si ushahidi, kwa kuwa mashine nazo hutumia pamba. Lakini punje ile ikitokea, lesi ya mkono isahau.

Baada ya ukaguzi wote huu, usione haya kununua ya mashine. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa mwaka 1840 na lesi ya Honiton iliyotengenezwa na wanawake wa Devon, na shela lake lilikuwa maua ya mkono yaliyoshonwa juu ya neti ya mashine. Catherine Middleton, alipoolewa na ukoo huo wa kifalme mwaka 2011, alivaa lesi za mashine kutoka Uingereza na Ufaransa, ambazo maua yake yalikatwa na kushonwa kwa mkono na mafundi wa Royal School of Needlework, wakinawa mikono kila nusu saa. Lesi ya mashine iliyochaguliwa vizuri ni nguo ya heshima. Wizi ni kuiuza kwa bei ya mkono.

Na kama moyo wako umeng'ang'ania kazi ya mkono, iko karibu kuliko Ufaransa. Viwanda bado havina mashine ya kufuma kroshia halisi. Huiga sura yake tu. Wanawake wa Ireland walifuma lesi ya kroshia wakati wa njaa kuu ya katikati ya karne ya 19, wakaiuza wapate chakula, na baadaye ikapendwa na matajiri wa Ulaya. Mtaani kwenu yupo mama anayefuma vitambaa vya makochi kwa ustadi uleule. Usimwombe gauni zima. Mwombe kola, vikono au pindo la shela, kwa uzi mwembamba wa pamba na sindano ndogo ya kroshia. Usimpunguzie malipo kwa sababu ni jirani. Mpe nusu ya malipo mapema anunue uzi, na umpe miezi, si wiki mbili kabla ya sendofu.