Benki Haikai Eda

Siku tuliyomzika baba hapa Garissa, kaka yangu mkubwa alisimama kando ya kaburi akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu ajitokeze. Akajitokeza mama muuza maziwa ya ngamia wa Soko Mugdi, akadai shilingi 400 na papo hapo akasamehe nusu. Akajitokeza fundi wa pampu. Benki haikujitokeza. Jua lilikuwa kali, nadhani ilibaki kwenye kiyoyozi chake.

Barua yake ilifika wiki tatu baadaye, ikimwita baba "Mpendwa mteja". Kumbe ile nyumba ya vyumba kumi, ambayo adeer alikuwa keshaigawa kwa vidole huku akinywa chai yetu, iko rehani, na marejesho yamesimama. Adeer, mdogo wake baba, alikuwa ameshajichagulia chumba cha kona chenye duka. Akauliza, "Rehani? Tangu lini?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama ugonjwa unaambukiza.

Mama yuko edani, miezi minne na siku kumi, hatoki. Benki nayo ina hesabu yake, na ndani ya hesabu hiyo hamna tanzia. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka impe mdaiwa ilani ya miezi mitatu alipe. Asipolipa, inampa ilani nyingine ya siku 40 kwamba itauza. Kisha dalali naye ana siku zake 45. Nimejumlisha nyuma ya bahasha yao wenyewe: siku 175 hivi. Mahakama, kabla ya kuthibitisha usimamizi wa mirathi, kwa kawaida husubiri miezi sita. Kwa hiyo dalali anaweza kugonga nyundo kabla sijapata ruhusa kamili ya kuigusa nyumba ninayolaumiwa kwa kutoilipia.

Nikaenda benki.

"Akaunti ya nani?"

"Ya baba."

"Tunazungumza na mwenyewe tu."

"Mwenyewe amefariki."

"Pole sana, ndugu. Basi akija, aje na kitambulisho."

Alipojisikia mwenyewe alichokisema, akaniambia nilete barua ya usimamizi. Barua hiyo inatoka kwa kadhi. Karani wa kadhi anataka cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Na chifu wetu yuko mkutanoni Balambala.

Nikasema kumbe tatizo ni dogo, wapangaji wapo, kodi yao italipa benki. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wapangaji wetu ni wanasheria. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inasema anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mpangaji wa chumba cha tatu, mwalimu mwenye huruma nyingi, alinishika bega akasema, "Kaka, dhamiri yangu hainiruhusu kukutia jela kwa kukulipa kodi." Tangu siku hiyo amenunua televisheni.

Tukamwendea kadhi kuuliza. Akatueleza taratibu kabisa: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kitakachobaki ndicho cha warithi. Mama thumuni. Nyanya, maana mamake baba yu hai, sudusi. Salio ni letu watoto, mvulana sehemu mbili, msichana moja. Adeer akangoja. Akakohoa. Kadhi akamwambia kwa upole kwamba marehemu akiacha mwana wa kiume, ndugu yake harithi.

Adeer alinyamaza muda wa kutosha kupika anjera. Kisha uso ukamchangamka. "Kwa hiyo na deni halinihusu?"

Ndugu zangu nao wasijione bora. Kila mmoja anajua sehemu yake mpaka desimali, lakini nilipopitisha wazo la kuchanga marejesho ya mwezi mmoja tu, aliye Mandera akapotelewa na mtandao, na aliye Wajir akaniombea dua. Nashukuru kwa dua, ila benki haipokei.

Aliyenisaidia ni yule karani, ambaye hata chai sijamnunulia. Kasema mahakama inaweza kuombwa idhini ya muda, ya kukusanya na kulinda mali tu, si kuigawa, na kwa idhini hiyo kodi inapokelewa kihalali na kupelekwa benki. Akaniuliza pia kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha. Nikapekua sanduku la baba, na chini ya risiti za dawa za mbuzi nikaikuta. Benki imetuandikia barua tatu, na bima hiyo haikutajwa hata kwa herufi ndogo.

Nimechukua fomu ya madai. Sehemu ya kwanza inataka sahihi ya mteja.

Leo ni siku ya 71 katika hesabu ya benki. Chifu bado yuko Balambala, na mpangaji wa chumba cha tatu akiniona hunisalimia kwa heshima kubwa mno.